Kutoa tairi la spea ili kupunguza uzito wa gari

Pima kwanza. Spea ya gari dogo, yenye rimu ya chuma na ukubwa sawa na matairi yaliyo chini, huwa na kilo 15 hadi 20. Ile nyembamba ya muda, yenye maandishi ya kukutaka usizidi kilomita 80 kwa saa, huwa na kilo 10 hadi 14. Magari makubwa ya juu na pikapu hubeba gurudumu la kilo 25 na kuendelea, wakati mwingine hadi 40. Jeki na spana ya magurudumu huongeza kama kilo 3 hadi 5. Kama una mizani ya kupimia watu, simama juu yake mikono mitupu, kisha simama umelikumbatia gurudumu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kiasi utakachookoa, nayo ndiyo ya kufanyia hesabu, kwa kuwa makadirio ya macho hudanganya sana kwenye chuma.

Wengi hufikia uamuzi huu kwa ajili ya mafuta, na hapo ni vizuri kusema ukweli mapema. Kanuni inayotolewa na serikali ya Marekani kwa wenye magari ni kwamba kila kilo 45 za ziada hupunguza umbali unaokwenda kwa lita moja kwa takriban asilimia 1. Kilo 18 basi ni kama asilimia 0.4. Gari linalokula lita 7 kwa kilomita 100 litakuokolea lita 3 hivi katika kilomita 10,000, ambazo kwa jumla zinahitaji lita 700. Wataalamu hao hao wanasema kila PSI moja (kipimo cha shinikizo la upepo) inayopungua katika matairi yote manne hula karibu asilimia 0.2. Maana yake, gari lililotolewa spea huku matairi yake yamepungua PSI 2 halijaokoa chochote. Petroli nayo ina uzito wa takriban kilo 0.75 kwa lita, kwa hiyo ukijaza tangi pungufu kwa lita 24 umepunguza kilo 18 zile zile bila kufungua bolti hata moja. Na keria tupu iliyokaa juu ya paa inakula mafuta kuliko spea, kwa kuwa inakinga upepo. Anayetafuta mafuta aanze na hayo.

Zipo sababu zenye mashiko zaidi. Siku ya kukimbiza gari kwenye uwanja wa mashindano, kitu chochote kilicholegea ndani ya gari ni hatari, na wakaguzi kwa kawaida hutaka buti liwe tupu. Wapo waliofunga mtungi wa gesi wa duara ndani ya shimo la spea, hao hawana la kuchagua. Na lipo gari la safari fupi za mjini ambalo halitoki nje ya eneo lenye mafundi wa pancha.

Kwa upande wa mwendo, kilo 18 kwenye gari la kilo 1,200 ni asilimia 1.5, kidogo lakini ni halisi. Kinachobadilika zaidi ni mgawanyo wa uzito. Spea hukaa nyuma ya ekseli ya nyuma, hivyo hukandamiza mkia na kunyanyua pua. Chukua gari lenye mita 2.5 kati ya ekseli, na spea ya kilo 18 iliyokaa mita 0.8 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukiitoa, ekseli ya nyuma inapungukiwa na kilo 24 hivi, na ya mbele inaongezewa 6. Gari huwa jepesi kugeuka, lakini mkia nao huwa mwepesi kuteleza unapokanyaga breki kwenye kona yenye maji. Pikapu tupu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tayari ina mkia mwepesi mno. Kwa gari la namna hiyo, spea ni mzigo unaolisaidia kushika barabara, iache.

Sasa kazi yenyewe, tukianza na spea iliyo ndani ya buti. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, toa mizigo yote na unyanyue kapeti pamoja na ubao wake. Kwenye magari mengi utakuta trei ya vifaa imekaa ndani ya rimu, na katikati bolti ndefu yenye kichwa kipana cha plastiki. Ifungue kwa mkono kuelekea kushoto. Ikikataa, usiibane kwa koleo, kichwa kitapasuka. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nyuzi, subiri dakika 15, kisha ujaribu tena huku ukilikandamiza gurudumu chini ili kupunguza mvutano. Tandika kitambaa kinene kwenye ukingo wa buti. Inua gurudumu kwa upande ulio karibu nawe hadi lisimame, liegemeze kwenye ukingo, ndipo ulibebe kwa kupiga magoti. Ukilivuta limelala huku umeinama utaumiza kiuno.

Tazama shimo lililobaki. Mara nyingi kuna maji yaliyoingia kupitia mpira wa buti au taa za nyuma, na kutu imeanza pale spea ilipokuwa imeficha. Kausha, sugua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu. Vizibo vya mpira vilivyo chini ya shimo virudishe mahali pake. Vikiachwa wazi, vumbi na moshi wa eksozi huingia ndani ya gari, na moshi huo unaua.

Kosa linalojitokeza baada ya wiki chache ni la ubao. Katika magari mengi ubao wa buti hulala juu ya spea. Spea ikitoka, ubao unabaki ukining'inia kwenye kingo tu, na siku utakapoweka ndoo ya rangi au gunia utapinda au kukatika katikati. Pima kina kutoka sakafu ya shimo hadi chini ya ubao, kisha kata sponji ngumu ya kufungashia vifaa ijae kina hicho. Sponji hiyo haifiki kilo 2, na inazuia shimo lisivume kama ngoma barabarani. Chonga humo nafasi za jeki na vifaa vingine vikae bila kucheza. Jeki iliyolegea ikirushwa wakati wa ajali humpata aliyeketi mbele yake.

Spea iliyo chini ya gari huteremshwa kwa kebo. Tafuta tundu juu ya bampa ya nyuma au ndani ya buti, ingiza fimbo ya jeki hadi ishike, na uzungushe kuelekea kushoto, maana magari mengi hushusha upande huo. Usilale chini ya gurudumu wakati linashuka. Kebo iliyoliwa na kutu hukatika bila kutoa onyo. Likifika chini na kebo ikilegea, livute nje, geuza kile kisahani cha chuma kilicho mwisho wa kebo na ukipitishe kwenye tundu la katikati ya rimu. Kisha fanya jambo ambalo wengi husahau: pandisha kebo juu hadi kisahani kishike mahali pake, na ukaze kiasi. Kebo inayoburuta hunasa kwenye matuta au hupiga bomba la eksozi njia nzima. Kama winchi inayokunja kebo haizunguki kabisa, ipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni na uijaribu kesho yake, kwa sababu ukiilazimisha unavunja meno yake.

Spea iliyo kwenye mlango wa nyuma hushikwa na nati, mara nyingi 3, na huenda moja ikawa na ufunguo wake maalumu. Legeza zote kwanza, toa zile za chini, malizia na ya juu, mtu wa pili akiwa amelishika gurudumu. Rudisha nati kwenye bolti zake ili nyuzi zisiharibike. Angalia kama taa ya breki, kibao cha namba au kamera ya nyuma imefungwa kwenye kibebeo cha spea: lazima vibaki vikifanya kazi na vionekane.

Kabla hujabeba gurudumu kwenda stoo, kagua trei ya vifaa kitu kwa kitu. Humo ndimo hukaa ile ndoano ya kuskrubu ya kuvutia gari, na humo humo hukaa ufunguo wa nati za usalama za magurudumu. Vyote viwili vibaki garini bila kujali nini kimetoka. Bila ufunguo huo, hata fundi aliyekuja na gurudumu zima mkononi hawezi kukusaidia. Kwa matumizi ya kila siku, jeki na spana navyo vibaki. Vitoe kwa ajili ya uwanja wa mashindano tu.

Spea lazima ipate mbadala. Chukua pampu ya umeme ya volti 12, geji ya upepo, seti ya kuziba pancha kwa utambi wa mpira, na chupa ya dawa ya kuziba ya mililita 450 hivi. Vyote pamoja vina kilo 2 hadi 3. Dawa hiyo hufaa kwa tundu la msumari, milimita 4 hadi 6, katika sehemu inayokanyaga barabara. Tairi lililochanika ubavuni, lililotoka kwenye rimu, au lililoendeshwa likiwa tupu haliponi kwa dawa. Msumari uache mahali ulipo. Mimina dawa, jaza upepo huku injini ikiunguruma ili betri isiishe, na usiiendeshe pampu zaidi ya dakika 10 mfululizo. Endesha kilomita 5 hadi 10 bila kuzidi 80 kwa saa, simama, pima tena. Ukikuta chini ya PSI 19 hivi, safari imeishia hapo. Chupa ina tarehe ya mwisho, na iliyopitwa huganda ndani.

Utambi huziba vizuri zaidi na hauchafui tairi. Chomoa msumari, papasa tundu kwa tupa ya mviringo iliyomo kwenye seti, penyeza utambi kwa sindano ya seti hadi ncha zibaki sentimita 1.5, vuta sindano kwa mkupuo mmoja, kisha paka maji ya sabuni. Povu likitoka, bado linavuja. Fanya zoezi hili kwenye tairi bovu ukiwa nyumbani, kwa kuwa kazi hiyo inataka nguvu kuliko inavyoonekana.

Sheria hutofautiana: kuna mahali spea hudaiwa wakati wa ukaguzi na mahali isipodaiwa, na kampuni za bima na za kuvuta magari nazo zina masharti yake. Soma ya unakoendesha kabla ya kutoa.

Gurudumu lililotolewa lilaze juu ya ubao mahali pakavu penye kivuli, mbali na mafuta na mota za umeme, na bolti yake uifunge kwa waya kwenye rimu isipotee. Kama rimu ina sensa ya upepo, taa ya tairi inaweza kuwaka kwenye dashibodi kwa sababu sensa iko mbali. Pima upepo kila mwezi: spea nyembamba huhitaji PSI 60, ile kamili fuata kibandiko cha mlangoni. Soma pia tarakimu 4 za mwisho kwenye msimbo wa DOT ubavuni. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lililofikisha miaka 10 halifai hata kama halijawahi kugusa barabara. Safari ya mbali ikija, lirudishe, kaza bolti kwa mkono hadi gurudumu lisitikisike, na ujaribu kulisukuma kwa kiganja kabla ya kufunga buti.