SOMO: Inua miguu kwanza, ndipo uongeze dripu

"Presha imeshuka, niongeze nusu lita nyingine?" Swali hili limejibiwa humu hadi basi. Takribani nusu ya wagonjwa mahututi ukiwapa maji moyo hausukumi zaidi. Maji yanahamia kwenye mapafu. Ukiinua miguu, damu yake mwenyewe inarudi moyoni, ni kama dripu ya majaribio unayoweza kuirudisha. Mpime hivi.

1. Kichwa cha kitanda nyuzi 45.

2. Kwa ekoo (ultrasaundi ya moyo), pima VTI, yaani kipimo cha damu inayosukumwa kila pigo, pale damu inapotoka ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini). Chukua wastani wa mapigo matatu hadi matano.

3. Laza kiwiliwili, inua miguu nyuzi 45. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukianzia mgonjwa akiwa amelala chali, unapoteza damu ya tumboni, inabaki ya miguuni tu. Tumia kitanda chenyewe, USIMSHIKE miguu: akiumia au akishtuka, adrenalini itapandisha kipimo na utadhani ni maji. Mnyonye makohozi mapema asikohoe katikati. Mapigo yakiruka ghafla, usiamini jibu.

4. Pima tena ndani ya dakika moja. VTI ikipanda asilimia 10 au zaidi, moyo unaitikia.

5. Mrudishe, hakikisha VTI nayo imerudi ilipoanzia.

Zamu ya Usiku: CVP (presha ya mshipa mkuu unaoingia moyoni) ni 4. Si nimpe tu?

Jibu: Hapana. CVP haitabiri hilo. Soma tena hatua ya 2.

Daktari wa Wilaya: Mkuu, ekoo hatuna. Nitazame presha?

Jibu: Pengo kati ya presha ya juu na ya chini likipanuka, ni dalili nzuri, lisipopanuka hujathibitisha kitu. Kama yuko kwenye ventileta na pumzi hazibadiliki, tazama kaboni dayoksaidi anayotoa: ikipanda asilimia 5, anaitikia.

Mwanafunzi ICU: Kwa nini mwenye tumbo lililojaa na kukaza jibu lake halieleweki?

Jibu: Swali zuri sana. Shinikizo la tumbo linabana mshipa mkuu, damu ya miguuni haifiki moyoni. Utapata "haitikii" ya uongo. Soksi za kubana nazo hupotosha. Na mwenye shinikizo kwenye ubongo usimlaze hivi kabisa.

Zamu ya Usiku: Basi akiitikia nampa.

Jibu: Akiitikia NA anahitaji. Hata wewe mzima ungeitikia. Tazama ngozi, mkojo, lakteti (asidi ya damu inayopanda mwili ukikosa damu ya kutosha), na sikiliza mapafu.

Mama Wodi ya Watoto: Na watoto?

Jibu: Dada, huko usikimbilie maji ya haraka. Utafiti wa FEAST, 2011, Kenya, Uganda na Tanzania: watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi. Wa kuharisha hawakuwemo. Hao wana utaratibu wao.