Kichwa cha habari: anza kwa kukagua kitenzi

Kabla ya kuchapisha, angalia kitenzi cha kichwa chako. Kikiwa ni "watakiwa", "waaswa", "azungumzia" au "yatoa taarifa", kifute, kisha shuka aya ya tatu au ya nne ya habari yako utafute kilichobadilika. Mara nyingi ndiko kilikojificha. Chukua bei za mafuta ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutangaza kila mwezi: "EWURA yatoa bei mpya za mafuta" hakimwambii msomaji lolote, kwa sababu anajua kwamba Jumatano ya kwanza ya mwezi bei hutangazwa. "Petroli yapanda Sh50 kwa lita Dar" (tarakimu ni ya mfano) kinampa kitu, kiasi na mahali kwa maneno sita. Maneno yetu ni marefu na simu hukata kichwa kikizidi nafasi, kwa hiyo kilichobadilika kikae mwanzoni, jina la taasisi lisubiri aya ya kwanza.

Mbinu hii ina mipaka. Habari za mahakama na polisi usiziguse hivi: "adaiwa kuiba" na "ashtakiwa kwa wizi" vibaki vilivyo, maana ukiandika "aiba" umeshamhukumu mtu kabla ya hakimu. Pia kuna siku kauli yenyewe ndiyo tukio, kama waziri anapotangaza kujiuzulu. Na ukishuka hadi aya ya mwisho usikute badiliko lolote, tatizo si kichwa. Rudi kwa mwandishi umuulize habari iko wapi.