Roli Likikwama Relini Ughaibuni: Shuka Kwanza, Kisha Piga Simu

Roli likizimika au tumbo la tela likikaa juu ya reli huko uliko, shuka. Usijaribu mara moja zaidi, usitafute karatasi za mzigo, usimpigie bosi. Beba simu, mshushe yeyote uliyempakia, ondokeni relini. Mengine yote ninayoandika hapa yanakuja baada ya hilo.

Naliweka mbele kwa sababu nawajua madereva wetu. Aliyejifunzia kazi kwenye njia ya Mwanza na Shinyanga amezoea kupambana na gari mpaka litoke, na hapa nyumbani mara nyingi anafanikiwa. Reli yetu ya zamani, iliyofika Mwanza kutokea Tabora mwaka 1928, inapita Fela na kuingia mjini kuelekea bandari ya Mwanza Kusini, na treni zake si za kila saa. Gari likikwama, tingo anaruka chini, anachungulia tairi, anaita watu. Punde wamefika vijana wa bodaboda na fundi wa gereji ya jirani, hata mama muuza mihogo ana ushauri wake. Mmoja anatumwa mbele na kitambaa chekundu, wengine wanatia mawe chini ya tairi na kusukuma.

Ughaibuni tingo hayupo. Uko peke yako ndani ya kichwa, saa nane za usiku, nje ya mji mdogo wa Ohio au Texas huko Marekani, na treni ya mizigo inaweza kuja saa yoyote kutoka upande wowote. Treni ya mabehewa kama mia, ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 88 kwa saa, inahitaji zaidi ya kilomita 1.6 kusimama tangu dereva wake afunge breki za dharura. Akishakuona kwa macho, amechelewa. Kitambaa chekundu cha huko ni simu, na wa kuipokea ni mtu aliyekaa kwenye chumba cha kuongozea treni, maana yeye ndiye anayeweza kuwaamuru madereva wa njia ile wasimame wangali mbali.

Namba ya kumpata mtu huyo iko palepale ulipokwama. Vivuko vya reli kwenye barabara za umma Marekani vina kibao cha buluu chenye namba ya simu ya kampuni ya reli na namba ya kivuko chenyewe, ambayo ni tarakimu sita na herufi moja. Kimefungwa kwenye nguzo ya taa za kivuko, au nguzo ya alama ya msalaba wa X, au kwenye kabati la chuma lililo kando ya njia. Kasoro yake ni kwamba ni kidogo. Usiku utahitaji tochi, na mtu mwenye hofu anaweza kukipita bila kukiona. Ndiyo maana nawasihi mzoee kukitafuta kwa macho kila mnapokaribia reli, hata siku ambayo hakuna shida, mpaka jicho lijue lenyewe linapopaswa kutazama. Kanada pia utakuta vibao vyenye namba ya dharura.

Ukipiga, sema maneno machache: kuna roli juu ya reli, haliwezi kutoka, namba ya kivuko ni hii, barabara ni hii. Wasomee namba yote pamoja na herufi yake, kwa kuwa mji mmoja unaweza kuwa na vivuko vingi, na kampuni zaidi ya moja. Ukimaliza hapo ndipo upige 911, namba ya dharura ya polisi na uokoaji. Mpangilio huo una sababu. Polisi akipokea simu kwanza atalazimika kuitafuta kampuni ya reli, na dakika zile ndizo ulizokuwa unazihitaji. Kibao kisipoonekana, basi 911 iwe ya kwanza, uwaambie wazi kwamba gari liko relini na treni zisimamishwe.

Kiingereza hukimbia mtu akishikwa na hofu, hata aliyekaa Marekani miaka mingi. Andika sentensi zako mwenyewe kwenye kadi, kwa Kiingereza unachoweza kukitamka bila kufikiri, uibandike karibu na usukani. Vituo vingi vya 911 vinaweza kukuunganisha na mkalimani wa simu, lakini usitegemee hilo kwa simu ya reli.

Treni ikiwa tayari inaonekana au inasikika, achana na kibao na simu. Kimbia. Wengi hukosea upande: wanakimbia kufuata inakoelekea treni. Kinachogongwa hurushwa mbele, kuelekea kulekule treni inakokwenda, vipande vya tela, mzigo na mafuta. Kwa hiyo toka relini, kisha kimbia kwa mshazari ukielekea upande treni inakotokea, huku ukizidi kujitenga na njia. Moyo utakataa, lakini huko ndiko vipande visikoelekea. Na kama kuna njia ya pili kando yake, usisimame juu yake.

Kuna hali moja ambayo hupaswi kushuka. Vizuizi vikishuka nyuma na mbele yako na roli lingali linaweza kutembea, endelea mbele uvunje kizuizi. Vimetengenezwa vikatike. Taa za kivuko chenye mitambo huanza kuwaka angalau sekunde 20 kabla ya treni kufika, na sekunde hizo hazitoshi kuhurumia ubao na rangi ya gari.

Sasa, kwa nini roli linakwama hapo? Reli nyingi za zamani zimeinuliwa juu ya tuta, barabara inapanda na kushuka ghafla kama mgongo wa ng'ombe. Gari dogo linapita bila habari. Tela refu lenye tumbo la chini, la kubebea mitambo au magari, linabaki limening'inia, tairi za kichwa zikisaga hewa. Hata tela la kawaida hukwama kama miguu yake, ile inayolisimamisha likiwa halina kichwa, haikupandishwa yote, na hilo hutokea sana kwa dereva aliyetoka kuunganisha tela akiwa na haraka. Ipo alama ya onyo ya manjano yenye picha ya tela lililolala juu ya reli. Ukiiona na tumbo la tela lako liko chini, tafuta njia nyingine, hata ikikugharimu saa nzima. Na ramani ya simu inayotumiwa na magari madogo haijui urefu wa tela lako. Nunua kifaa cha kuongozea maroli, au mwulize dispacha, yaani mpangaji safari wa kampuni yako, njia kabla hujaondoka.

Sababu nyingine ni foleni. Dereva anafuata gari la mbele, taa za barabarani zinawaka nyekundu, mkia wa tela unabaki relini. Tela la futi 53 ni mita 16, na ukiongeza kichwa unavuka mita 20. Kabla ya kuingia, pima kwa macho nafasi iliyoko ng'ambo: itakutosha wote, pamoja na ziada, maana behewa hutokeza nje ya reli? Kama huna hakika, subiri upande wako, hata wa nyuma wakipiga honi mpaka wachoke. Mwenye gia za mkono asibadilishe gia akiwa juu ya reli. Na anayebeba kemikali zenye alama za hatari, au abiria kwenye basi, sheria inamtaka asimame kabla ya reli, si karibu zaidi ya futi 15 na si mbali zaidi ya futi 50.

Sheria ya Marekani haina huruma hapa, na nadhani ndiyo inayowafanya wengine wang'ang'anie usukani badala ya kushuka. Kuingia relini bila nafasi ya kutokea, au kukwama kwa sababu tumbo la gari ni la chini, ni makosa yanayoweza kukuondolea haki ya kuendesha kwa CDL, leseni ya magari makubwa ya biashara: siku zisizopungua 60 kwa mara ya kwanza, 120 kwa mara ya pili ndani ya miaka mitatu, mwaka mzima kwa ya tatu. Najua siku 60 bila mshahara zina maana gani kwa mtu anayesomesha wadogo zake Nyegezi na kumjengea mama Usagara. Hata hivyo, kuchelewa kupiga simu hakufuti kosa. Kunaongeza watu hatarini. Biloxi, Mississippi, tarehe 7 Machi 2017, basi la watalii lilikwama kwenye kivuko chenye mgongo, treni ya mizigo ikaligonga, abiria 4 wakafa. Pecos, Texas, Desemba 2024, treni iligonga tela lenye mzigo mkubwa relini, wakafa wafanyakazi wawili wa treni, watu waliokuwa kazini kama wewe.

Walioko Uingereza mna utaratibu tofauti kidogo. Kwenye vivuko vingi kuna simu inayomfikia moja kwa moja mwongoza ishara za treni, na palipo na alama inayokutaka kupiga, gari kubwa au la polepole halivuki kabla ya ruhusa. Kubwa maana yake ni urefu unaozidi mita 18.75, au upana unaozidi mita 2.9, au uzito unaozidi tani 44. Tarehe 6 Januari 1968, kule Hixon, gari lililobeba transfoma ya tani 120 liliingia kwenye kivuko bila simu hiyo kupigwa, na watu 11 walikufa treni ilipofika.

Ukishapiga na treni zikathibitishwa kusimama, usirudi kwenye usukani kwa uamuzi wako. Subiri anayehusika aseme. Kuvuta tela kwa pupa kunaweza kupasua tangi la mafuta au kupindisha reli. Na ukifanikiwa kutoka mwenyewe kabla hawajafika, usiondoke kimya kimya kwa kuogopa kuandikiwa faini: piga tena namba ileile ya buluu, sema gari limetoka, sema limegusa wapi, ili mafundi waikague njia kabla ya kuruhusu treni inayofuata.