Kukalafati tumbo: namna ya kumeza sukralfati ikakufaa

Mzee mmoja fundi wa majahazi aliwahi kuingia dukani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, amekunja uso. Wiki tatu kabla yake alikuja na karatasi ya daktari, nikampa vidonge vya sukralfati, dawa ya kufunika vidonda vya tumbo, na maelezo yangu ya haraka haraka, maana foleni ilikuwa ndefu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Mwanangu, dawa yako haina kazi. Tumbo ni lile lile."

"Unaimeza saa ngapi?"

"Nikishashiba, bila shaka. Dawa haimezwi na njaa."

Nikamuuliza, "Babu, wewe jahazi unalikalafati likiwa majini?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Chombo hupandishwa pwani kwanza, akaniambia, mbao zikauke, ndipo pamba ishike kwenye nyufa. Kisha akanyamaza kidogo, akacheka mwenyewe. Hakuhitaji maelezo zaidi. Tangu siku hiyo dawa hii naiita dawa ya kalafati, na hata majina yenyewe yameamua kufanana.

Ninayoandika hapa ndiyo ambayo ningemwambia siku ile ya kwanza lau foleni ingekuwa fupi. Ni kwa mtu mzima aliyekwisha kuandikiwa dawa hii, au anayetaka kujua kabla hajaandikiwa. Kwenye boksi utakuta imeandikwa Sucralfate.

Kwanza: jua unachokitibu

Huku kwetu kila maumivu ya chembe ya moyo ni "vidonda vya tumbo". Mtu ana kiungulia, ana gesi, ana mawe kwenye kifuko cha nyongo, wote hao ni vidonda vya tumbo. Wengi wao hawana kidonda hata kimoja. Kidonda chenyewe ni mchubuko ulioingia ndani ya ukuta wa tumbo, au wa sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, pale chakula kinapotokea tumboni. Kukiona kwa macho kunahitaji kipimo cha mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Si kila mtu anahitaji kipimo hicho, lakini kila mtu anahitaji kuulizwa maswali mawili.

La kwanza: una bakteria wa H. pylori? Zamani vidonda vilisemwa vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walifanikiwa kumwotesha bakteria huyu maabara, na mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe chake ili kuthibitisha. Tumbo likawaka. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo pilipili ya achari yako haina kesi ya kutoboa tumbo, ingawa inaweza kuchokoza kidonda kilichopo.

La pili: unakunywa dawa gani za maumivu? Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ndizo mhalifu mwingine mkubwa, na hapa mjini diklofenaki inamezwa kama karanga. Kinamama wenye magoti na wabeba mizigo wenye viuno ndio wateja wake, na mwisho wa safari hao hao ndio wanaorudi wameshika tumbo.

Sukralfati haiui bakteria wala haizuii madhara ya diklofenaki unayoendelea kuimeza. Inafunika kidonda, basi. Mbao ikiwa bado inaliwa na wadudu, kalafati itakushikia kwa muda tu. Mwenye H. pylori anahitaji antibiotiki zake, kwa kawaida amoksilini na klarithromaisini pamoja na omeprazoli, kwa wiki 2 bila kukatisha. Na niseme ukweli wa biashara yangu: kwa vidonda vingi siku hizi daktari huanza na omeprazoli au ndugu zake, kwa kuwa hupunguza asidi yenyewe. Sukralfati huja kama nyongeza, au kwa mtu ambaye zile hazimfai. Usije dukani ukasema, "Nipe ile kali zaidi." Ukali hauhusiki hapa.

Pili: soma chupa kabla ya kuimimina

Sukralfati huja kwa namna mbili, kidonge cha gramu 1 na dawa ya maji. Kidonge ni kikubwa, na wazee wengi kinawashinda. Usikitafune. Kiweke kwenye kikombe chenye vijiko viwili au vitatu vidogo vya maji ya kunywa, kiache kilainike na kusambaa chenyewe, koroga, kunywa, kisha suuza kikombe kwa maji kidogo uyanywe nayo, maana unga mwingi hubaki chini.

Kwenye dawa ya maji ndiko watu wanakokosea. Kuna chupa ambazo gramu 1 imo ndani ya mililita 5, na nyingine gramu hiyo hiyo imo ndani ya mililita 10. Ukinunua leo chupa ya kampuni hii na mwezi ujao ya kampuni nyingine, ukaendelea na "kijiko kimoja" chako, unaweza kuwa unakunywa nusu ya dozi bila kujua. Soma lebo, tumia kifuniko au kijiko chenye alama kilichokuja na chupa, achana na kijiko cha chai cha jikoni. Tikisa chupa vizuri kila mara, kwa sababu dawa hutuama chini kama tui lililokaa.

Ziko pia chupa zilizochanganywa na oksetakaini, ambayo ni dawa ya ganzi. Hiyo huondoa maumivu upesi na watu huipenda, lakini hutia ganzi mdomo na koo. Usile wala kunywa chai ya moto mpaka ganzi iishe.

Tatu: saa ndiyo dawa

Hapa ndipo nitakapokaa kitako, kwa kuwa hapa ndipo dawa hii inapofaulu au kuharibika.

Sukralfati ikikutana na asidi ya tumbo hugeuka kuwa uji mzito unaonata. Uji huo hupenda kung'ang'ania protini, na kidonda kibichi kinavuja protini. Ndiyo maana hunata kwenye kidonda kuliko penye ngozi nzima, ukakaa pale kwa muda wa hadi saa 6 hivi, ukizuia asidi na vimeng'enya visikitafune huku nyama mpya ikiota chini yake. Sasa fikiria tumbo limejaa ugali na dagaa. Protini tele imetapakaa. Dawa itanata kwenye dagaa, na dagaa watakwenda zao.

Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni gramu 1 mara 4 kwa siku: saa 1 kabla ya kila mlo, na ya nne wakati wa kulala. Kwa mtu wa Tanga anayeamka alfajiri, mimi humpangia hivi. Akitoka kuswali, saa 12 asubuhi, anameza ya kwanza, chai na mihogo ni saa 1. Saa 6 mchana anameza ya pili, anakula saa 7. Akimaliza Magharibi, saa 1 usiku, ya tatu, na chakula cha usiku saa 2. Ya nne ni saa 4 akienda kulala, ikiwa imepita angalau saa 2 tangu ale. Hii ya usiku watu huiruka kwa usingizi, na kumbe kidonda cha utumbo hupenda kuamsha mtu usiku wa manane. Afadhali usahau ya mchana kuliko hiyo.

Usijaze katikati kwa vitafunwa. Kashata na kahawa chungu barazani saa 6 na robo, baada tu ya kumeza dawa, ni kuipaka dawa juu ya kashata. Maji matupu hayana neno.

Kuna wanaoandikiwa gramu 2 mara mbili, asubuhi akiamka na usiku akilala. Hiyo inawafaa madereva, wavuvi, na mtu yeyote ambaye mchana wake hauna saa maalumu. Muulize daktari wako, usijibadilishie mwenyewe.

Ukisahau dozi na chakula kimeshaingia, iache iende, subiri inayofuata kwa wakati wake. Usimeze mbili pamoja kufidia.

Nne: itenge na wenzake

Kwa vile inanata, inanata pia kwenye dawa nyingine na kuzizuia zisiingie mwilini. Nitazitaja zile ninazokutana nazo kila siku.

Vidonge vya kutafuna vya kuzima kiungulia: nusu saa kabla au nusu saa baada ya sukralfati visiguswe, maana vinaua asidi ambayo sukralfati inaihitaji ili igeuke uji. Kama umeandikiwa na omeprazoli, itangulize: saa 11 na nusu alfajiri omeprazoli, saa 12 sukralfati, saa 1 chai.

Antibiotiki za sipro na doksi, dawa ya kifafa ya fenitoini, digoksini ya moyo, wafarini ya kuzuia damu kuganda: zote hizo zinahitaji kutangulia kwa angalau saa 2, na wa wafarini na fenitoini amjulishe daktari kabla hajaanza. Mtu wa UTI aliyepewa sipro akaimeza pamoja na sukralfati atarudi wiki ijayo akisema bakteria wamekuwa sugu. Huenda sipro haikufika hata kwenye damu.

Na hili ni la kunong'ona lakini ni zito. Kama unatumia ARV zenye dolutegraviri, ambazo ndizo wengi wanazotumia sasa, sharti zimezwe saa 2 kabla ya sukralfati au saa 6 baada yake. Kwa dozi nne za siku ni vigumu kupata nafasi hiyo. Waambie wahudumu wa CTC yako, kliniki unakochukulia ARV, kabla hujaanza, wakupangie upya. Nimeshaona mtu akiona haya kunitajia, akanunua dawa ya tumbo na kuondoka. Dukani huna haja ya kutaja ugonjwa. Uliza tu, "Hii inagombana na vidonge vyangu vya kila siku?" na unionyeshe jina lake.

Mwenye figo dhaifu asiianze bila daktari, kwa kuwa ndani yake mna alumini na figo ndizo zinazoitoa mwilini. Mwenye kisukari anayetumia ya maji aangalie kama ina sukari.

Kero yake ya kawaida ni choo kigumu. Maji, papai na mchicha hutosha kwa wengi. Kinywa kukauka pia hutokea. Kiasi kidogo mno cha dawa ndicho kinachoingia kwenye damu, asilimia 5 au pungufu, ndiyo maana madhara yake si mengi.

Tano: usiondoke mapema

Sisi wa Tanga tunatambulika kwa "waja leo waondoka leo". Kidonda hakijui utani huo. Maumivu hupungua ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, na hapo ndipo chupa zinaposukumwa nyuma ya kabati. Kidonda huchukua wiki 4 hadi 8 kufunga. Andika tarehe ya kuanza kwenye boksi kwa kalamu, na uhesabu.

Katika wiki hizo sigara iache, huchelewesha kidonda kupona. Pombe vivyo hivyo. Maziwa ambayo kila bibi anayashauri hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo huongeza asidi. Kikombe kimoja hakina dhambi, lita nzima kwa siku si tiba. Goti likiuma, parasetamoli.

Ramadhani ikikukuta katikati ya dozi, nenda kwa daktari kabla ya mwezi kuandama. Kidonda kibichi au kilichowahi kutoa damu si cha kufunga nacho, na mgonjwa ana ruhusa yake. Akikukubalia, ile ya gramu 2 mara mbili ndiyo rahisi: moja baada ya tarawehe ukilala, saa 2 au zaidi tangu futari, na nyingine saa 1 kabla ya daku. Itabidi uamke mapema kuliko wenzako nyumbani. Weka kengele ya simu, kisha lala tena kidogo.

Yasiyosubiri dozi

Choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya. Kutapika damu, au kitu kama machicha ya kahawa. Maumivu makali ya ghafla na tumbo kukakamaa kama ubao. Kizunguzungu na jasho baridi. Haya ni ya kwenda hospitali sasa hivi, kwa bodaboda kama hakuna gari, Bombo au iliyo karibu nawe, usiku au mchana. Kwa mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu choo huwa cheusi kwa sababu ya madini ya chuma, lakini aende akaulizwe, asijihukumie.

Kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, kushiba kwa tonge mbili, au dalili kumwanza mtu aliyevuka miaka 55: huyo aombe kipimo cha kamera, dawa zitafuata baadaye.

Aliyetibiwa H. pylori apimwe tena kwa choo, wiki 4 au zaidi baada ya antibiotiki kwisha, na awe ameacha omeprazoli kwa wiki 2. Kipimo cha damu cha H. pylori kisikutie hofu: kinaweza kuendelea kuonyesha alama muda mrefu baada ya bakteria kuondoka. Kopo la sampuli utapewa maabara. Lipeleke asubuhi hiyo hiyo, usiliache juani kwenye dirisha.