Somo: Kuangalia mapafu ya mtoto kwa ultrasaundi

Kabla hujashika probu (kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi kutoa picha), mtazame mtoto mwenyewe. Hesabu pumzi zake dakika nzima, pima oksijeni. Ikiwa chini ya asilimia 90, mpe oksijeni kwanza, picha itasubiri.

1. Mwache mapajani kwa mama. Pasha jeli kiganjani, maana jeli baridi ndiyo inayoanzisha kilio, na mtoto akilia kila kitu kwenye skrini kinarukaruka.

2. Tumia probu bapa ya masafa ya juu. Kina cha sentimita 4 hadi 6 kinatosha kuanzia.

3. Iweke wima, ikatize mbavu. Kati ya vivuli viwili vya mbavu kuna mstari mweupe unaong'aa: ndio utando wa pafu. Tulia hapo. Je, unateleza kila mtoto avutapo pumzi? Chini yake, mistari ya mlalo inayojirudia (mistari A) pamoja na mtelezo huo ni dalili ya pafu lenye hewa. Mistari ya wima inayoshuka hadi chini ya skrini (mistari B) ikifika mitatu katika nafasi moja, pafu limeloa au limepungukiwa hewa.

4. Pita mbele, kwapani, kisha mgongoni, pande zote mbili. Mgongoni ndiko wengi wetu husahau kupita, na nimonia inabaki huko huko. Pafu lililoshikana (lililopoteza hewa, kama kwenye nimonia) hufanana na ini, lenye vidoti vyeupe vinavyometameta kwa pumzi. Weusi juu ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) ni maji. Ukiona nyuzinyuzi ndani yake, fikiria usaha na umwite daktari wa upasuaji mapema.

Maswali ya wanachama

Swali: Mtoto wa miezi 5, hana homa, naona "ini" nyuma ya mfupa wa kidari. Ni nimonia?

Jibu: Huenda ni tezi ya thaimasi, ambayo ni kubwa katika umri huo. Nayo ina vidoti vyeupe, ila havisogei na pumzi. Tena ni laini, moyo ukipiga inabonyea.

Swali: Picha safi, lakini mtoto bado anahema kwa shida. Nimruhusu?

Jibu: Usimruhusu! Nimonia isiyofika kwenye utando haionekani, hewa inaificha. Pumu nayo yaweza kukupa picha safi kabisa. Mfuate mtoto, si skrini.

Swali: Utando hautelezi upande mmoja. Ni hewa iliyovuja kifuani?

Jibu: Yawezekana. Sogeza probu taratibu utafute pale mtelezo unapoanzia; ukipaona, ndiyo yenyewe. Kama ana mpira wa kupumulia, hakikisha haujazama upande mmoja. Akiwa anazidiwa, acha kutafuta, ita msaada.