Ridi ngumu kiangazi? Iloweshe kabla ya kubadili namba

Kwa wapiga saksafoni na klarineti wa Dodoma, hasa miezi ya Juni hadi Oktoba hewa inapokuwa kavu: ridi (kile kipande chembamba kinachotetemeka na kutoa sauti unapopuliza) ikianza kupulizika kwa shida au kupiga ukelele, usikimbilie kununua namba ndogo, yaani ridi laini zaidi. Itumbukize nzima kwenye glasi ya maji safi kwa dakika 2 au 3, kisha ilaze upande wake bapa juu ya kioo na uibonyeze taratibu kwa kidole mpaka ncha inyooke. Ndipo uifunge kwenye kipulizio, ile sehemu ya ala unayoitia mdomoni.

Ridi ni mwanzi, nao ukikauka ncha yake nyembamba hujikunja, haikai sawa kwenye kipulizio, na pumzi inavujia pembeni. Mate hulowesha ncha tu. Sehemu ya nyuma inayobanwa na kifungio inabaki kavu na imepinda. Hapo ndipo wengi husema namba 3 ni ngumu mno, wakashuka hadi 2, na sauti za juu zikaanza kupwaya na kushuka chini ya noti. Inasikitisha, maana ridi yenyewe ilikuwa nzima. Ukitaka kulinganisha namba, linganisha zikiwa zimelowa, na kumbuka 2½ ya kampuni moja inaweza kuwa sawa na 3 ya nyingine.

Njia hii haifai kwa ridi iliyopasuka ncha, iliyochoka kwa matumizi, wala ya plastiki. Usizidishe muda pia: ikinywa maji mno inakuwa nzito na sauti inafifia.