Kigeu cha XSLT 1.0 kinapokataa kupitiwa

Katika XSLT 1.0, lugha ya kubadilisha hati za XML, kigeu kilichojazwa kwa kuandika maudhui ndani ya xsl:variable hakibebi seti ya nodi (sehemu za hati, kama vile elementi) bali kipande cha mti (result tree fragment), na ukijaribu kukipitia kwa njia kama $orodha/kitu, kichakataji kitatoa hitilafu. Ikiwa nodi tayari zimo kwenye hati ya chanzo, zichague moja kwa moja kwa sifa ya select ya xsl:variable, njia ninayoipendelea sana, kwa kuwa unabaki na nodi zenyewe zikiwa bado chini ya mzazi wake, jambo ambalo nakala ya xsl:copy-of hulipoteza. Unapounda data mpya, kwa mfano orodha uliyokwisha kuipanga, tumia exsl:node-set($orodha)/kitu, yaani kitendakazi cha nyongeza kinachogeuza kipande cha mti kuwa seti ya nodi, baada ya kutangaza nafasi-jina http://exslt.org/common kwa kiambishi exsl. Toleo la 2.0 la mwaka 2007 liliondoa kizuizi hiki.